Bolti Nne za Nyuma ya Gurudumu

Mji wa Mulga Bend una watu sitini na wawili, baa moja, ukumbi mmoja, pampu moja ya mafuta, na nzi ambao hakuna aliyewahi kujaribu kuwahesabu akabaki na akili timamu. Upepo wake wa Agosti una nguvu kiasi kwamba kuku hutaga yai kwao asubuhi, na jioni yai hilo hilo likaokotwa kwa jirani. Watu wa huko hawaoni ajabu. Humrudishia jirani yai lake, wakapiga soga kidogo, wakaendelea na shughuli zao.

Merrin Tully, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa na ratiba isiyobadilika. Akitoka shule saa tisa alasiri, huwalisha kuku, hubadilisha maji ya mbwa, kisha huvuka barabara kwenda kwa Bi Dulcie Vickery kumsomea gazeti. Bi Dulcie alikuwa amefanya kazi katika posta ya mji kwa miaka arobaini. Wakati ule aliweza kusoma anwani yoyote, hata iliyoandikwa na mlevi juu ya mgongo wa farasi. Sasa alikuwa na miaka sabini na minane, na mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yake yote mawili kama mvuke kwenye kioo.

"Anza na matangazo ya vifo," Bi Dulcie alimwambia kila siku. "Nataka kujua leo nimemshinda nani."

Alikuwa amesubiri upasuaji kwa miezi kumi na mmoja. Hatimaye barua ilikuja: Jumatatu, saa nne asubuhi, katika hospitali ya mjini, kilomita mia mbili na arobaini kutoka hapo. Mwisho wa barua kulikuwa na sentensi moja ambayo Merrin aliisoma mara mbili kwa sauti ya chini. Mgonjwa asiyefika siku yake atarudishwa mwisho wa foleni.

"Mwisho wa foleni nitakuwa nimeshaingia kwenye gazeti," alisema Bi Dulcie, akacheka. Lakini mikono yake iliishika ile barua kama mtu anayezuia kitu kisipeperuke.

Mama yake Merrin, Lorna, ndiye aliyekubali kumpeleka. Gari lao la familia lilikuwa la chini, lenye viti vinavyolala, nalo lilimfaa mgonjwa. Jirani yao, Mzee Clem Pascoe, alikuwa amejitolea kumpeleka kwa lori lake kuukuu, akajibiwa papo hapo.

"Clem, nikipanda hilo lori lako," alisema Bi Dulcie, "nikifika hospitali watanitoa mtoto wa jicho na figo zote mbili."

Basi ikawa ni gari la akina Tully au hakuna safari.

Jumanne asubuhi, katika wiki iliyotangulia safari, Merrin alikuwa ameketi mbele pamoja na mama yake, wakirudi kutoka kuwachukua watoto wa mashambani wa kupeleka shule. Barabara za huko ni za vumbi jekundu na mawe, zenye matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia nguo. Ukipita na gari, sauti ndani yake ni kama umefungiwa kwenye pipa pamoja na kokoto. Ila kuna kilomita sita za lami zinazoanzia kwenye pampu ya mafuta na kuishia katikati ya pori, kana kwamba waliokuwa wakiitengeneza waliitwa kula chakula cha mchana wakasahau kurudi.

Gari lilipopanda lami, kokoto zilinyamaza. Lakini sauti nyingine haikunyamaza. *Nguruuu, nguruuu*, kutoka chini upande wa mbele, kama mbwa mwenye hasira aliyefichwa chini ya kitanda.

"Mama, unasikia?"

"Ni barabara tu hiyo," akajibu mama bila kugeuka.

"Mama, hapa ni lami."

Lorna akapunguza mwendo. Akasikiliza. Uso wake ukabadilika. Watu wote wa Mulga Bend walikuwa na kosa hilo hilo: gari likinguruma, wanailaumu barabara, kwa sababu barabara yao inanguruma kweli. Huenda gurudumu lile lilikuwa likilia kwa miezi mitatu, na kila siku lilikuwa likijibiwa kwamba ni mawe.

Baba yake Merrin, Wes, alikuwa fundi pekee wa magari kati ya hapo na mjini. Bahati mbaya mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta kuanzia vidole hadi kiwiko. Wiki mbili nyuma, alipokuwa akisaidia kunyoa manyoya ya kondoo, dume moja lilimrukia likamwangusha juu ya lango. Mjini walisema alipigana na kondoo raundi tatu, na kondoo akashinda kwa pointi. Wes mwenyewe alidai ilikuwa sare.

Jioni ile aliketi kando ya Lorna, wakarudi kwenye lami, Merrin akiwa nyuma. Mama alipokata usukani kulia, ule mngurumo ulipanda. Alipokata kushoto, ulishuka.

"Gurudumu la mbele, kushoto," Baba akasema. "Ukikata kulia, uzito wote wa gari unaliangukia hilo. Beringi imekwisha, zile golori zinazolizungusha. Kwenye gari hili beringi na habu, yaani kitovu cha gurudumu, vimeundwa pamoja, kwa hiyo tunang'oa vyote na kuweka vipya."

"Tukiacha hivyo mpaka turudi kutoka hospitali?" Mama akauliza.

"Mkiacha, mtafika nusu ya njia mkiwa na magurudumu manne, na nusu nyingine mkiwa na matatu. Huko pori hakuna mtu, hakuna simu. Halafu Bi Dulcie atakuwa ameketi kando ya barabara akingoja kurudishwa mwisho wa foleni."

Baba akapiga simu mjini, habu mpya ikaagizwa, nayo ililetwa Ijumaa na lori la posta, ndani ya boksi zito lililozungushiwa utepe. Baba aliiweka juu ya meza ya jikoni, akaitazama. Halafu akaitazama plasta yake. Halafu akamtazama Merrin.

Merrin alikuwa amemshikia spana tangu akiwa na miaka mitano. Alizijua zote kwa namba, akifumba macho.

"Mikono ni yako, macho ni yangu," akasema Baba. "Utaweza?"

Merrin alihisi kitu kikijaa kifuani kama hewa kwenye tairi. "Nitaweza."

Jumamosi asubuhi gari liliegeshwa mbele ya banda la Wes, na kufikia saa tatu nusu ya mji ilikuwa imefika na viti vya kukunja. Hivyo ndivyo ilivyo huko. Ukifungua boneti ya gari lako, majirani huja na vinywaji baridi na ushauri, na ushauri huwa mwingi kuliko vinywaji. Mzee Clem, aliyeendesha greda la barabara kwa miaka arobaini, aliketi mstari wa mbele. Bi Dulcie aliletewa kiti chenye mto. Tate Brodziak, mvulana wa miaka kumi na minne aliyesoma darasa moja na Merrin, alijiegemeza ukutani akiwa na simu mkononi.

"Tully, unajua upande upi wa nyundo unaoshikwa?" Tate akauliza.

"Upande ulio mbali na mdomo wako," akajibu Merrin. "Lakini naweza kubadilisha."

Watu wakacheka, na Bi Dulcie akacheka kuwapita wote.

Kazi ikaanza. Baba aliketi juu ya kreti la maziwa lililopinduliwa, akielekeza kwa kidole cha mkono wa kushoto. Kwanza, gari likiwa bado chini na mama akikanyaga breki, Merrin alilegeza nati kubwa ya katikati ya gurudumu. Alitumia spana ndefu yenye bomba, akaning'inia kwa uzito wake wote. Nati ilikataa. Akaning'inia tena. Ikalia *kwaaa!* kama lango la makaburi, ikalegea. Kisha magurudumu ya nyuma yakazuiwa kwa kabari, jeki ikainua gari, na stendi za chuma zikawekwa chini.

"Jeki inainua, stendi ndiyo inayobeba," Baba akasema. "Na hakuna mtu anayegusa gari lililoinuliwa akiwa peke yake. Hata mimi. Hata kondoo."

Gurudumu likatoka. Merrin akafungua kalipa, kile kibano cha breki, akaitundika kwa waya kwenye springi ili bomba lake la mafuta lisivutwe. Diski ikatoka. Akachomoa kwa uangalifu waya mwembamba unaopeleka habari za gurudumu kwenye breki. Nyuma kabisa, mahali pa giza penye vumbi jekundu na grisi, kulikuwa na bolti nne zilizoishikilia habu. Zilikuwa zimeshika kutu kama zimezaliwa humo.

"Gonga!" akapaza sauti Mzee Clem.

"Usigonge," akasema Baba. "Pulizia dawa ya kutu, tusubiri."

Walisubiri. Merrin akajaribu; bolti ya kwanza ikakubali, ya pili pia. Ya tatu ilimchubua ngozi ya vidole viwili. Alinyonya damu, akatema vumbi, akaendelea. Ya nne ilimchukua karibu nusu saa, na ilipotoka alikuwa mwekundu usoni kuliko barabara. Habu yenyewe haikutoka kirahisi. Hapo ndipo Baba aliporuhusu nyundo, na Mzee Clem akasimama akashangilia kana kwamba timu yake imefunga bao. Baada ya kipigo cha kumi na tano habu ya zamani ilianguka chini. Baba aliizungusha kwa mkono wake mzima karibu na sikio la Bi Dulcie.

"Inasaga," akasema bibi. "Kama meno ya marehemu mume wangu."

Merrin akasugua kiti cha habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa. Akaingiza habu mpya. Iliketi mahali pake taratibu, kimya, na safi. Akazirudisha bolti nne kwa vidole, kisha akazisogeza kidogo kwa spana fupi.

Baba alikuwa na sheria moja asiyoivunja. Bolti ikishawekwa, hukazwa kwa spana ya kipimo, ile spana ndefu inayolia *klik* bolti inapofikia ukazo unaotakiwa. Baada ya *klik*, na si kabla, bolti huchorwa mstari kwa kalamu ya rangi ya njano. Mstari ule maana yake ni kwamba kazi hii imekwisha na mtu asirudi kuigusa.

Wakati huohuo simu ililia ndani ya nyumba. Ilikuwa hospitali, wakitaka kujua hali ya mkono wa Baba.

"Zikaze hizo nne kwa spana ya kipimo, moja baada ya nyingine," Baba akasema akiinuka. "Ikilia, ichore. Nakuja."

Merrin akachukua spana ya kipimo kwa mkono mmoja na kalamu ya njano kwa mkono mwingine. Tate akasogea na simu yake.

"Subiri, subiri. Jua linaingia vizuri hapo. Zichore kwanza nipige picha, halafu utakaza. Mistari ya njano itatokea vizuri. Shule nzima itaona."

Merrin alijua sheria. Lakini shule nzima ilikuwa na watoto kumi na mmoja, na wote walikuwa wamewahi kumwambia kwamba spana si kazi yake. Ni sekunde chache tu, akajisemea. Akachora mistari minne, ya njano na iliyonyooka. Akainua kidole gumba, akatabasamu na uso wake wote wa grisi. Tate akapiga picha.

"Chai!" Mama akaita kutoka barazani. "Na keki, kabla nzi hawajaimaliza!"

Watu wote wakainuka. Merrin akaweka spana chini, akaenda na wengine. Alikula vipande viwili, akasimulia jinsi bolti ya nne ilivyomtesa, na kila alipoisimulia bolti ile ilizidi kuwa ngumu. Aliporudi kwenye gari, Baba alikuwa ameshatangulia. Alikuwa ameinama, akiitazama mistari minne ya njano.

"Safi sana," akasema. "Lete diski."

Merrin akaitazama mistari ile. Ilisema kazi imekwisha, naye akaiamini.

Diski ikarudi, kalipa ikarudi, waya ukarudi. Nati mpya ya katikati ikawekwa, gari likashushwa, na Merrin akaikaza nati ile kwa spana ya kipimo mbele ya watu wote. *Klik!* Nati za gurudumu nazo, *klik, klik, klik, klik, klik.* Makofi yakapigwa. Mama akaliendesha gari mpaka kwenye lami na kurudi. Alipofungua mlango, macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Kimya," akasema. "Kimya kabisa! Nimesikia saa yangu ya mkononi."

Jioni hiyo Baba hakusema mengi, maana si mtu wa kusema mengi. Lakini Merrin alimsikia akiongea na kaka yake kwenye simu. "Hapana, si mimi. Mimi nilikaa tu kwenye kreti. Merrin ndiye aliyeifanya. Ndiyo, peke yake."

Jumapili mchana ukumbi wa mji ulijaa. Kulikuwa na nyama ya kondoo ya kuchoma, soseji ndani ya mkate na vitunguu vya kukaanga, na zile keki za mraba zinazoviringishwa kwenye nazi. Chakula kilikuwa cha kumuaga Bi Dulcie, ingawa mwenyewe alisema hawezi kuagwa na watu asiowaona. Kila aliyepita karibu na Merrin alimgonga bega. Tate alikuwa ameshawaonyesha wote ile picha.

"Haya, fundi," akasema Mzee Clem, akijisogeza na sahani yake. "Mimi nimefunga beringi nyingi za greda. Sauti tamu kuliko zote duniani ni ile ya bolti za nyuma. Zile nne. Kule ndani zinalia kwa mwangwi, si ndiyo? Zilikuliliaje?"

Merrin akafungua mdomo amjibu. Akaitafuta ile sauti kichwani. Aliikuta *klik* ya nati kubwa. Akazikuta *klik* tano za nati za gurudumu. Akazitafuta nne za nyuma, akakuta sauti ya Tate akisema jua linaingia vizuri, na ya mama akiita chai.

Hazikuwepo.

Soseji ikamkwama kooni. Alizisogeza kidogo kwa spana fupi, basi. Hakuzikaza. Kesho alfajiri mama na Bi Dulcie wangeingia kwenye gari lile na kulitikisa juu ya ule ubao wa kufulia kwa zaidi ya saa tatu.

"Umemeza nzi?" Mzee Clem akauliza.

"Nakuja," akasema Merrin, akatoka nje.

Alisimama kwenye ngazi za ukumbi. Gari halitoi sauti, akajiambia. Mama amelijaribu. Labda zimekaza za kutosha. Kisha akafikiria kwenda nyumbani kimyakimya, kulinyanyua gari na kuzikaza bila mtu kujua. Lakini asingeweza kulinyanyua peke yake, na sheria ya baba aliijua. Kutoka ndani alimsikia Tate akimwonyesha mtu mwingine picha, na mtu huyo akisema, "Yule mtoto ni hodari, bwana." Lilikuwa neno alilolingoja maisha yake yote, na sasa lilimchoma.

Kupitia mlangoni alimwona Bi Dulcie. Bibi alikuwa akipapasa meza kwa vidole akitafuta kikombe chake, ambacho kilikuwa mbele yake, wazi kabisa, karibu na mkono. Alikipapasa pembeni, akakikosa. Akapapasa tena.

Merrin akaingia ndani. Akatembea mpaka alipoketi baba yake, katikati ya meza ndefu. Angeweza kumnong'oneza. Lakini sifa walikuwa wamempa wote, basi akasema kwa sauti ambayo wote wangeisikia.

"Baba, zile bolti nne za nyuma sikuzikaza."

Vichwa vikageuka. Hata nzi walionekana kutua.

"Zina alama," akasema Baba polepole.

"Nilizichora kabla. Kwa ajili ya picha. Halafu chai ikaitwa, na niliporudi nikaziona zimechorwa, nikajua nimemaliza. Sikumaliza. Spana ya kipimo haikuzigusa."

Tate alikuwa amekuwa mwekundu kuanzia shingoni. "Ni mimi niliyemwambia azichore," akasema, akitazama viatu vyake.

"Wewe ulisema," akajibu Merrin. "Kalamu niliishika mimi."

Baba alimtazama. Kisha akaweka uma wake chini.

"Lorna, lete gari kwenye banda. Merrin, andaa jeki."

Watu sitini waliinuka na sahani zao mikononi, wakafuata. Tate alikimbia mbele, akazuia magurudumu ya nyuma kwa kabari bila kuambiwa, na Mzee Clem akabeba kiti cha Bi Dulcie.

"Niwekeni karibu," bibi akaamuru. "Karibu zaidi. Macho sina, masikio ninayo."

Gurudumu likatoka, kalipa ikatundikwa, diski ikatoka. Baba akachukua tambara lenye petroli, akampa Merrin, naye akaifuta mistari yote minne ya njano mpaka isionekane. Kisha akaingiza spana ya kipimo nyuma ya habu na kuvuta.

Bolti ya kwanza ilizunguka robo mzunguko. *Klik.*

"Moja," akasema Bi Dulcie.

Ya pili ilizunguka karibu nusu. *Klik.*

"Mbili."

Ya tatu, nusu tena. *Klik.* "Tatu."

Kabla ya kuikaza ya nne, Baba alinyoosha mkono wake mzima, akaigusa kwa vidole viwili. Ikazunguka. Ilizunguka kirahisi, kama mfuniko wa chupa ya jemu, kwa vidole viwili tu, baada ya mwendo mfupi wa kwenda kwenye lami na kurudi. Hakuna aliyetafuna. Mama alifunika mdomo wake kwa mkono.

"Ikaze," akasema Baba kwa upole.

Merrin akavuta. Spana ikaenda, ikaenda, ikaenda. *Klik.*

"Nne," akasema Bi Dulcie. "Sasa zichore zote."

Merrin akachora mistari minne, upogo upogo safari hii. Ilikuwa mibaya kuliko ile ya kwanza yote. Baba aliitazama, akatikisa kichwa kukubali, na wakaanza kurudisha vitu, kimoja kimoja, mpaka gurudumu likakaa chini.

Merrin akajifuta mikono, akaenda mbele ya kiti cha bibi.

"Bi Dulcie, kama hutaki kupanda gari nililolifunga mimi, nitaelewa. Mzee Clem bado ana lori."

"Mungu aniepushe!" akasema bibi. Akanyoosha mkono hewani mpaka ukakutana na mkono wa Merrin, ule uliochubuka, akaushika. "Sikiliza, mwanangu. Maisha yangu yote nimepanda magari ya watu wasiokosea kamwe. Wawili kati yao nimewazika. Mmoja alikuwa mume wangu. Gari la mtu anayesimama mbele ya mji mzima, mdomo ukiwa na soseji, akasema nimekosea, hili ndilo la kwanza kulipata. Wewe unafikiri nitakubali kulikosa?"

Baba akasafisha koo. "Na mimi niliamini alama bila kuuliza," akasema mbele ya wote. "Hilo ni kosa langu. Kazi nzuri si ile inayopendeza kwenye picha. Ni ile ambayo ukiulizwa juu yake, unajibu bila kutazama pembeni. Leo Merrin ameimaliza kazi yake. Jana alikuwa ameipamba tu."

Jumatatu, kabla jua halijachomoza, gari liliondoka likiwa na Mama usukanini na Bi Dulcie kando yake amejifunika blanketi, akitoa amri kuhusu mwendo. Merrin alisimama kwenye lango mpaka taa za nyuma zikamezwa na vumbi. Shuleni hakusikia hata neno moja la hesabu. Saa saba mchana mwalimu akaitwa kwenye simu, akarudi akitabasamu: walifika saa nzima kabla ya wakati, jicho la kwanza limeshafanyiwa upasuaji, na mgonjwa anagombana na wauguzi kuhusu chai yao.

Walirudi Jumatano. Bi Dulcie alishuka mwenyewe, akaivua miwani ya giza, akafumba lile jicho jingine na kumsogelea Merrin mpaka pua zikakaribia kugusana.

"Kumbe bado una uso wenye madoadoa kama yai la kware," akasema. "Mzuri sana. Miaka miwili nimekuwa nikijadiliana na ukungu."

Wakati huo Baba alikuwa ameshalala ubavu mchangani, tochi mkononi, akichungulia nyuma ya gurudumu la kushoto. Mistari minne ilikuwa mahali pake, haikusogea hata unywele. Alimwita Merrin aione, nao wakalala pale wawili vumbini kwa muda, wakiitazama kama watu wengine wanavyotazama nyota.

Waliinuka waliposikia mngurumo. Lori la Mzee Clem liliingia uani, likasimama kwa kishindo, na mzee akateremka.

"Gurudumu la mbele, kulia," akasema. "Miaka yote hii nilidhani ni barabara. Fundi yuko?"

"Nipo," akajibu Wes, akijikung'uta vumbi. "Plasta inatolewa wiki ijayo. Lilete Alhamisi ya wiki hiyo."

"Si wewe, bwana." Mzee Clem akanyoosha kidole kumpita. "Namtaka yule. Wewe ni fundi mzuri, sikatai. Lakini huyu nikimuuliza kama amekaza, ataniambia, hata kama hajakaza."

Wes akamgeukia binti yake. Alikwenda kwenye ukuta wa banda, akaishusha spana ya kipimo kutoka kwenye msumari wake, akampa kwa mkono wake mzima, na yeye mwenyewe akaenda kulitafuta kreti la kukalia.